Kubonyeza Mara ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, rasharasha tu, ya kulowesha vumbi na kulifanya linuke. Mume wangu anasema tangu nianze kazi hii naongea peke yangu jikoni. Nimechukua daftari la mtoto lenye kurasa tupu. Afadhali niongee na karatasi, yenyewe hainijibu.

Kazi yenyewe si ya kujisifia. Tuko chumba cha juu, mimi na shemeji, yaani kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenitafutia nafasi. Mji uko bondeni, maji ya mvua yanakusanywa bwawani, halafu sisi tunayatoa kidogo kidogo kwa malango ya chuma. Zamani malango yalizungushwa kwa mikono. Siku hizi ni kompyuta: dirisha jeusi, maandishi meupe, hakuna picha. Unaandika "fungua", unaandika jina la lango, unabonyeza enta, na huko mbali chuma kinainuka.

Majina ni mengi na marefu, kwa hiyo shemeji alinifundisha Tab siku ya kwanza kabisa. Yeye anakiita kitufe cha tabu.

"Tabu yako kinaibeba chenyewe," alisema. "Andika herufi tatu, bonyeza. Kitamalizia jina. Majina yakifanana, kitafika pale yanapoachana, kisimame. Hapo bonyeza tena, kitakuonyesha yote yaliyobaki. Usiniamini mimi, wala usijiamini wewe. Bonyeza mara ya pili, uone."

Ndivyo nifanyavyo. Mara mbili kila wakati, ko-ko, kama mtu anayebisha hodi.

Ijumaa, 8 Machi

Kimya. Tumefungua lango moja tu, siku nzima tumepiga miayo.

Jumatano, 13 Machi

Mhandisi aliyetutangulia aliyapa baadhi ya malango majina yenye herufi kubwa, na shemeji analalamika kwamba Tab inamgomea akisahau. Ameniomba niitengeneze isijali kubwa wala ndogo. Nilifungua faili la mipangilio, nikaongeza mstari mmoja, kazi ya dakika mbili. Meneja alipita akaniona. "Eh, huyu sasa fundi," akasema, akicheka. Sote wawili tunaingia kwa jina moja la kazi, kwa hiyo nilichobadilisha kwangu kimebadilika na kwake.

Nilidhani shemeji atanishukuru. Hakunishukuru. Alisogeza kiti karibu na kioo, pua karibu iguse, akaendelea.

Kwenye redio ya mkononi huongea nami msimamizi wa vibarua wanaozibua mitaro. Wanamwita Chura kwa sababu anashinda majini. Sijawahi kumwona sura. Kila asubuhi: "Dada wa malango, umekula?"

"Nimekula, Chura. Wewe?"

"Mimi nakula matope. Yana chumvi kidogo leo."

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nguo za shule hazikauki.

Ijumaa, 22 Machi

Nimechoka na shemeji. Siku hizi ananifanya nimsomee vipimo vya bwawa kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. "Soma. Soma tena. Taratibu." Vipimo viko mbele yake! Leo nimemwambia, "Shemeji, kwani macho yako yana kazi gani?" Akasema tu kila aliyefunzwa hunung'unika.

Nilipomweleza mume wangu, jibu lilikuwa lile lile la siku zote. "Mvumilie. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Kaka yangu ni baba yangu."

Mimi nafikiri ni kiburi. Mtu akiwa mkubwa kazini muda mrefu, anaanza kupenda kusomewa.

Ijumaa, 29 Machi

Meneja amepanda ngazi, shemeji akapishana naye bega kwa bega bila hata salamu. Meneja akabaki na mkono hewani. Nikasema moyoni, haya, kiburi kimefika kileleni.

Halafu chai. Alijimiminia, akamwaga nusu mezani, na hakufuta.

Jumanne, 2 Aprili

Inanyesha bila kupumzika. Bwawa liko juu. Mtaro uliofunikwa, ule wa chini ya shule, umeziba tena kwa chupa na magodoro. Chura anasema amekuta hadi kitanda. "Bado mwenye kitanda tu," akasema.

Jumamosi, 6 Aprili

Mtoto ana homa tangu juzi. Niliomba ruhusa siku mbili. Shemeji alikubali haraka, bila hata kuguna. Leo homa imeshuka. Keshokutwa narudi.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui niandike nini. Sitaandika.

Jumanne, 9 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu watu wameanza kunieleza ilivyokuwa, na wao hawakuwepo.

Jana asubuhi mvua ilikata kidogo, lakini bwawa lilikuwa limejaa hadi mstari mwekundu. Shemeji alikuwa ameshuka chini kuonana na fundi wa jenereta. Nilikuwa peke yangu. Redio ikalia.

"Dada wa malango, umekula?"

"Bado. Kuna nini?"

"Tumo ndani ya shuleni-chini, mimi na vijana wawili. Tumeshika uchafu wenyewe sasa, tukiuachia utarudi. Hebu punguza maji huko juu. Fungua shuleni, yapitie mfereji wa wazi, yasije yakatuelemea huku."

Kuna malango mawili, na lazima niyaeleze. Lango la shuleni linatoa maji kwenye mfereji wa wazi unaoelekea mtoni. Lango la shuleni-chini linayatoa kwenye mtaro uliofunikwa. Chura alikuwa kwenye huo uliofunikwa. Aliniomba nifungue la kwanza. Lilikuwa jambo sahihi kuomba. Na mimi ningefungua hilo hata asingeomba.

Nikasema, "Nafungua, Chura. Dakika moja."

Mkono mmoja ulishika redio. Kwa mkono mwingine nikaandika "fungua shu", nikabonyeza Tab mara mbili, ko-ko, kama kila siku. Siku zote ukifanya hivyo linajaa neno shuleni, halafu chini yake yanajipanga majina yote mawili uyaone, na mstari wako unabaki kwenye shuleni. Nikabonyeza enta. Macho yangu yalikuwa kwenye kipimo cha bwawa. Programu yetu haikuulizi kama una hakika. Inatii tu.

Kipimo kilianza kushuka. Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi, nikasema kwenye redio, "Yanashuka, Chura."

Hakujibu. Nikasema tena. Nikaita mara nyingi. Kisha nikatazama kioo, nikaona kilichoandikwa kwenye mstari niliouamuru mimi: fungua shuleni-chini.

Nililifunga. Lango huchukua muda kufunga. Lina uzito wake.

Vijana wawili walitupwa nje upande wa pili, mmoja amevunjika mguu, mwingine hana jeraha ila hasemi. Chura walimkuta jioni. Alikuwa amewasukuma wao mbele. Huyo aliyevunjika mguu ndiye aliyesimulia.

Jumatano, 10 Aprili

Wameniita kuandika maelezo. Nikaomba nikae kwenye kompyuta nikumbuke vizuri. Nikaandika "fungua shu" bila kubonyeza enta. Tab mara moja: shuleni. Tab mara ya pili, hakuna orodha. Jina lenyewe likabadilika mbele ya macho yangu, likawa shuleni-chini.

Nilikaa nimeshika meza. Tab ilikuwa imebadilishwa tabia. Badala ya kusimama na kuonyesha majina, sasa inachukua jina la kwanza na kulijaza, ukibonyeza tena inaruka kwenye la pili. Kuna watu wanaipenda hivyo. Mimi sikuiweka hivyo. Na tunaoingia pale ni wawili tu.

Nilimkuta shemeji nyuma ya jengo, chini ya bati, anatazama ukuta.

"Uliigusa Tab," nikamwambia.

Hakuuliza Tab gani.

"Nilitaka kukwambia," alisema. "Ulikuwa na mgonjwa. Nikasema ukirudi."

"Kwa nini uliigusa?"

"Ile orodha." Aliinua mkono, akauweka mbele ya uso wake, kisha akausogeza pembeni. "Hapa katikati hakuna kitu, shem. Tangu mwaka jana. Nakuona mabega, uso sikuoni. Orodha kwangu ni siafu tu. Mstari wa kuigeuza niliukumbuka tangu zamani, nikauandika bila kuutazama. Kwa hivi nilivyoiweka sihitaji kuona. Najua mpangilio kwa moyo. Mara moja ni hili, mara mbili ni lile. Nahesabu kwa kidole."

Kumbe vipimo. Kumbe salamu ya meneja. Kumbe chai. Mwezi mzima nimekaa meta moja kutoka kwa mtu anayepofuka, nikamwita mwenye kiburi.

Lakini nilipofikiri hivyo nikamkumbuka Chura, na huruma yangu ikaganda.

"Daktari ulimwona?"

"Nilimwona. Hakuna dawa. Wakijua wananitoa kesho yake."

Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua. Hapa kilio kimekwenda nyumba nyingine.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamemzika Chura. Mume wangu alinikataza kwenda. "Watakupiga mawe." Nilikaa ndani, mvua inapiga bati.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mkwe amekuja, amekaa kwenye kiti changu. Mume wangu amesimama mlangoni kama askari. Shemeji hakuja.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "maji yakimwagika hayazoleki."

Nilitaka kumwambia haya yaliyomwagika yalimbeba mtu. Nikainama.

"Wewe bado una nguvu. Utapata kazi nyingine. Yeye akiondoka pale, na macho yale, aende wapi? Sema ulijisahau. Si ulijisahau kweli? Si hukutazama?"

"Sikutazama, mama."

"Basi. Huo si uongo."

Alipoondoka nikamuuliza mume wangu, "Na wewe unasemaje?"

"Sisemi usingizie. Nasema usilete ya macho. Hawajauliza macho."

"Wameuliza nani alibadilisha mipangilio. Meneja keshawaambia ni mimi, alinikuta nikichezea faili lile."

"Alikukuta kweli."

Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi. Leo nimemtazama kama namsoma mara ya kwanza.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Hakuna anayeniita dada wa malango.

Jumatano, 24 Aprili

Kikao kimefanyika chumba kile kile cha juu. Mchunguzi ni mama mmoja mhandisi kutoka nje, mpole, anayeandika polepole. Meneja alikuwepo, na shemeji amevaa koti. Kompyuta imeachwa kama ilivyokuwa siku ile.

Nilieleza. Nilisema mkono wangu ndio uliobonyeza na macho yangu hayakutazama. Nilisema Tab ilibadilishwa nikiwa nyumbani na mtoto. Aliponiuliza na nani, nikasema sijui. Ndiyo, nilisema sijui. Nilimpa shemeji nafasi aseme mwenyewe.

Mchunguzi akamgeukia. "Mzee, tuonyeshe mtu mzoefu anavyofanya."

Shemeji alikaa. Vidole vyake ni vyepesi hata sasa. Akaandika, akabonyeza mara moja. "Hapa ni shuleni." Akabonyeza tena. "Hapa ni shuleni-chini." Kila alichosema kilikuwa kwenye kioo. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kwa hiyo mtu anaweza kukosea hapa?" mchunguzi akauliza.

"Mtu anayetazama hakosei," shemeji akasema.

Alilisema kwa sauti ya chini, ya heshima, akiwa amenielekea. Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Mchunguzi alianza kuandika, na nilijua anachoandika.

Nikasema, "Mama, naomba kitu kimoja. Andika wewe jina la lango lolote. Yeye asome."

Mume wangu alikuwa nje ya mlango, nilimsikia akivuta pumzi. Meneja akasema, "Hii ni nini sasa?" Mchunguzi alinitazama, akamtazama shemeji, akavuta kibodi. Akaandika mtoni. Herufi tano nyeupe, kubwa kama nzi.

Shemeji akainama. Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akageuza kichwa kushoto, kisha kulia, kama kuku anayetazama punje. Mvua ilikuwa imekata, na ingekuwa afadhali ingenyesha.

"Kuna maandishi," alisema.

"Yanasema nini, mzee?"

Akapapasa ukingo wa kioo.

"Sioni," akasema. Kisha, kwangu, polepole: "Shem. Ungenifanyia hivi faragha."

Nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kushinda kitu kichungu namna hiyo. Alipoinuka alikosa mkono wa kiti, akapapasa hewa, na meneja, ambaye alimsifu mbele yangu mara nyingi, alijivuta nyuma asiguswe.

Jumanne, 30 Aprili

Uamuzi umetoka. Uzembe wa watumishi wawili. Tumeachishwa kazi sote. Vibarua wa Chura waliobaki wamehamishiwa usafi wa masoko. Hakuna neno kuhusu programu isiyouliza, ingawa shemeji aliomba mara mbili kwa maandishi iwekwe iulize kwanza, enzi macho yake bado yanaona. Nasikia sasa wameiweka iulize. Ilichukua nusu siku.

Mume wangu amehamia kwa kaka yake. Anasema ni kwa ajili ya kumsaidia. Amechukua na shuka.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepungua. Nafua nguo za watu. Mtoto ameuliza baba atarudi lini. Nikamwambia muulize yeye. Si jibu la kumpa mtoto, najua.

Alhamisi, 16 Mei

Shemeji alikuja, ameongozwa na jirani. Hakutaka kukaa. Akasimama uani.

"Pale kikaoni nilikuwa nakuzamisha," alisema. "Nilijua nakuzamisha, na nilikuwa naendelea. Sikuja kuomba radhi kwa hilo, halina radhi. Nimekuja kuomba unipeleke kwa mke wa Chura. Mdogo wangu amekataa. Anasema tusichokoe."

Nilimwambia nitafikiri. Alipoondoka nilimwona akihesabu hatua kwa midomo. Nilimchukia, kisha nikaacha, kisha nikamchukia tena, yote kabla hajafika barabarani.

Jumapili, 26 Mei

Jua kali. Tumekwenda.

Nyumba ina vyumba viwili na uwanja uliofagiliwa. Nilipiga hodi. Aliyefungua ni mwanamke wa umri wangu, mkono mmoja una povu la sabuni. Alimwona shemeji ameshika bega langu.

"Ndiye huyu asiyeona?"

"Ndiye," nikasema.

"Na wewe ndiye uliyebonyeza."

"Ndiye mimi."

Hakusema karibuni. Alisema, "Ingieni."

Tulikaa kwenye benchi. Hakutuuliza tunywe nini. Shemeji alianza maneno yake ya kuomba msamaha, aliyokuwa ameyapanga njia nzima, na mama yule akamkatiza kwa kiganja, kisha akakumbuka kwamba mzee haoni. "Nyamaza, mzee," akasema, bila ukali. "Walikuja watu na karatasi. Wakasema hitilafu ya uendeshaji. Nikawauliza ni nini, wakasema ni hitilafu. Mimi nataka nijue alikufaje. Nielezeni kama mnavyomweleza mtu."

Kwa hiyo nilimweleza. Sikupunguza. Nilimwambia maneno ya mwisho ya mume wake kwenye redio, na kwamba aliomba kitu sahihi. Nilimwambia malango ni mawili na majina yake yanaanza sawa. Nilimwambia kuna kitufe kinachomalizia jina, na nilizoea kukibonyeza mara mbili. Shemeji akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha mara mbili. Na mimi ndiye niliyegeuza, mara ya pili ikawa lango jingine. Sikumwambia."

Yeye alisikiliza akiwa anatazama kidole changu. Nilitaka kukificha nikaona ni utoto.

"Ungebonyeza mara moja?" akauliza.

"Lingefunguka lile aliloomba."

"Mara moja tu."

"Mara moja tu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia na ameielewa. Kisha akainuka, akaenda nje kuanua nguo, na hakurudi ndani mpaka tulipoondoka.